Waliokalia Kiti cha Mkuu wa Chuo

Ikifika Novemba au Desemba, mtu wa Moshi mjini haulizi kama vyuo vina mahafali. Getini wamepanga mashada ya maua na mataji ya karatasi za kung'aa, wapiga picha wanagombania wateja, na familia zinashuka kwenye Noah zimevaa kitenge cha aina moja kuanzia bibi mpaka mtoto wa chekechea. Ndani kuna maturubai, viti vya plastiki na matarumbeta. Kisha watu wote wanasimama, msafara wa wanataaluma unaingia na majoho yao ya rangi, na anayepewa heshima kuliko wote anakwenda kuketi kwenye kiti kikubwa cha katikati.

Katika mahafali ya mpwa wangu niliketi jirani na bibi mmoja wa Machame aliyekuja kumshangilia mjukuu. Nilimwamkia, akaitikia, tukaangalia msafara ukiingia. Akanigusa mkono.

"Mwanangu, yule mzee wa katikati ndiye mwalimu wao mkuu?"

"Hapana bibi, huyo ndiye Mkuu wa Chuo. Anayekiendesha chuo kila siku ni yule aliyekaa kushoto kwake, anaitwa Makamu."

"Sasa kama hafundishi wala haendeshi, kazi yake nini?"

Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari, na swali lile lilinikaa kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Tuna wahitimu maelfu katika mkoa huu na ule wa Arusha, wengi wamesimama mbele ya kiti kile wakatunukiwa, na ukiwauliza nani alikuwa amekikalia siku hiyo wanabaki wanakuna kichwa. Nimeona niandike ninachokijua, kwa sababu historia ya kiti hiki ni sehemu ya historia ya nchi yetu, na Arusha na Moshi zimo ndani yake kuliko watu wanavyodhani.

Nianze na kazi yenyewe. Fedha, ajira na mipango ya chuo ziko mikononi mwa Baraza la Chuo. Mitaala na mitihani ni ya seneti, yaani kikao cha juu cha wanataaluma. Makamu Mkuu wa Chuo ndiye mtendaji, na lawama za kila siku zinaishia mezani kwake. Mkuu wa Chuo yuko juu yao wote kwa cheo, lakini haingii ofisini asubuhi. Kwa vyuo vya umma, Rais wa nchi ndiye anayemteua. Kazi yake inayoonekana na watu ni moja: kutunuku. Mkuu wa kitivo anasoma aina ya shahada, wahitimu wa kundi hilo wanasimama, kofia wamezishika mkononi. Ukumbi unatulia kidogo. Mzee wa katikati anatamka kwamba kwa mamlaka aliyopewa anawatunuku shahada hiyo, na hapo ndipo kofia zinapanda vichwani na vigelegele vinalipuka mpaka matarumbeta hayasikiki. Wale vijana walikuwa na alama zao zote tangu Julai. Walichokuwa hawana ni yale maneno machache. Wengine husema ni mbwembwe tu. Mimi naamini jamii yoyote inayothamini elimu inahitaji mtu mmoja wa kuyatamka maneno hayo kwa niaba yake, na ni jambo la maana sana nani anapewa nafasi hiyo.

Desturi yenyewe imetoka Uingereza. Oxford ya karne ya 13 ilikuwa na mkuu aliyekuwa chini ya askofu wa Lincoln, na wakati ule kazi ilikuwa kazi kweli: alihukumu kesi na kusimamia walimu. Karne zilivyokwenda, cheo kikahamia kwa watu wakubwa wa serikali na wa ukoo wa kifalme ambao hawakuwa na muda wa kukaa chuoni, na utendaji ukabaki kwa makamu. Muundo huo ndio uliosafirishwa mpaka huku.

Makerere, chuo cha Kampala nchini Uganda, iliungana na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na waliohitimu pale walipata shahada za London. Tarehe 25 Oktoba 1961 chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa na wanafunzi wachache wa sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, nacho kilianza chini ya London. Na Mkuu wa Chuo Kikuu cha London kuanzia 1955 hadi 1980 alikuwa Malkia Elizabeth, mama yake Malkia Elizabeth wa Pili. Fikiria vijana wale wa mwaka 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, wamekaa katika jengo la chama kilichopigania Uhuru, wanasoma sheria za nchi yao, na mkuu wa chuo kinachowatambua ni mama wa Malkia wa Uingereza. Benjamin Mkapa, aliyekuja kuwa Rais wetu, alimaliza Makerere mwaka 1962, bado enzi ya London.

Mambo yakabadilika mwaka 1963. Mwezi Juni, jijini Nairobi, kilizinduliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kikiunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na Mkuu wa Chuo wa kwanza akawa Mwalimu Julius Nyerere. Alikuwa na miaka 41. Kenya yenyewe ilikuwa bado haijapata uhuru wake kamili, ungekuja Desemba. Kwa hiyo rais wa nchi moja alisimikwa kuwa mkuu wa chuo cha nchi tatu, ndani ya nchi ambayo bendera ya Uingereza ilikuwa bado inapepea. Nikifika hapo darasani huwa nasimama kidogo, maana ni picha ya Afrika Mashariki ambayo tuliikaribia sana. Udaktari ulisomwa Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Kijana wa Marangu au wa Meru aliyetaka kuwa daktari alipanda basi kwenda Kampala, na aliyetaka kujenga madaraja alivuka mpaka wa Namanga au Taveta, bila kuhesabika mgeni, kwa kuwa chuo kilikuwa chake.

Mwalimu hakukichukulia kiti kama pambo. Alikuwa amesoma Makerere na Edinburgh, alikuwa amefundisha, na alikuwa na imani kali juu ya deni la msomi. Aliwahi kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Asiporudi, huyo ni msaliti. Imani hiyo ndiyo iliyomgonganisha na wanafunzi wake mwenyewe.

Tarehe 22 Oktoba 1966 mamia ya wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu, wengine wakiwa na majoho yao ya kitaaluma. Walipinga utaratibu mpya wa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa: miezi mitano kambini, kisha miezi 18 kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Bango lao moja lilisema masharti ni magumu na kwamba ukoloni ulikuwa afadhali. Walisoma risala iliyosema miili yao itakwenda JKT lakini roho zao zitabaki nje. Mwalimu aliwasikiliza wakamaliza. Kisha akawajibu kwamba hatamchukua mtu yeyote ambaye roho yake haimo. Wakizungumzia mishahara, yeye akasema mishahara ya wakubwa, wa kwake ukiwamo, ni mikubwa mno kwa nchi maskini, na akatangaza palepale kupunguza wa kwake kwa asilimia 20. Halafu akawaambia warudi nyumbani. Zaidi ya wanafunzi mia tatu walifukuzwa, na wengi wao waliruhusiwa kurejea mwaka uliofuata.

Miezi mitatu baadaye Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa Arusha, na tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha likatangazwa, likiwa na masharti kwa viongozi juu ya mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha. Mwezi Machi ikafuata sera yake ya elimu, Elimu ya Kujitegemea. Wanahistoria wengi wanaona uzi unaoanzia Ikulu siku ile ya Oktoba mpaka Arusha, nami nakubaliana nao. Mnara wa Azimio uko pale katikati ya mji, watu wanaupita wakienda sokoni na stendi, na wachache sana wanajua kwamba sehemu ya chimbuko lake ni ugomvi kati ya Mkuu wa Chuo na wanafunzi wake.

Lakini hapohapo ndipo tatizo la kiti lilipojitokeza. Namheshimu Mwalimu kuliko kiongozi yeyote niliyemsoma, na bado najiuliza wale vijana, baada ya kufukuzwa, wangekwenda kumwona mzee gani. Aliyewafukuza kama Rais ndiye huyohuyo aliyekuwa mkuu wa chuo chao. Mwanafunzi akigombana na mwalimu anapanda kwa mkuu wa kitivo, akishindwa hapo anakwenda kwa Makamu, na juu ya Makamu kunatakiwa kuwe na mtu ambaye hayumo katika ugomvi. Mkuu wa nchi hawezi kuwa mtu huyo pale ugomvi unapokuwa na serikali, na ugomvi wa wanafunzi karibu siku zote unaishia kuwa na serikali. Mwaka 1971 ilitokea tena, kiongozi wa wanafunzi Symonds Akivaga, Mkenya, alipokamatwa na askari palepale Mlimani, kama tunavyokiita chuo cha Dar es Salaam. Mwaka 1978 ikatokea kwa wale walioandamana kupinga nyongeza za marupurupu ya wakubwa. Mara zote hizo aliyekuwa kwenye kiti cha katikati ndiye aliyekuwa amiri jeshi mkuu.

Kwa wakati huo chuo cha nchi tatu kilishavunjika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeanza kazi Arusha Desemba 1967, makatibu na makarani wa mataifa matatu wakapanga nyumba mjini hapa, lakini kila nchi ilitaka chuo chake chenye vitivo vyote. Katikati ya mwaka 1970 ikawa basi. Tukapata marais watatu katika viti vitatu: Kenyatta Nairobi, Obote Makerere, Mwalimu Dar es Salaam.

Yaliyotokea Makerere yanatosha kuonyesha kiti hiki kinaweza kufika wapi. Baada ya mapinduzi ya Januari 1971, Idi Amin akawa Mkuu wa Chuo kwa sababu tu ni Rais. Mwaka 1972 Makamu Mkuu wa Chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na watu wa serikali na hakuonekana tena. Mwaka 1976 Makerere ikamtunuku Amin shahada ya heshima ya sheria. Siwezi kuandika sentensi hizo tatu kwa kufuatana bila kuumia.

Dar es Salaam, Mwalimu alikaa mpaka alipong'atuka mwaka 1985, akafuata Rais Ali Hassan Mwinyi. Na ni Mzee Mwinyi, kwa maoni yangu, aliyefanya jambo ambalo hasifiwi vya kutosha: katika kipindi chake urais na ukuu wa chuo vikatenganishwa. Mwaka 1993 kiti cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaenda kwa Paul Bomani. Kenya walisubiri mpaka Rais Mwai Kibaki alipoachia nafasi hiyo mwaka 2003, na Nairobi ikampata Joe Wanjui. Mwaka huohuo Makerere, baada ya Rais Museveni, ilimpata Apolo Nsibambi. Sisi tuliwatangulia kwa miaka kumi.

Bomani anastahili nimkalie kidogo, hasa kwa wasomaji wa Moshi, mji wa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ambako mtu anazaliwa anakuta ushirika na kahawa vinazungumzwa sebuleni. Huyu alikuwa mtu wa ushirika. Miaka ya 1950 aliwaunganisha wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa mpaka wakaunda Victoria Federation, chombo kikubwa kilichowatoa mikononi mwa madalali. Uhuru ulipokuja akawa Waziri wa Kilimo, kisha wa Fedha, na alikuwa Fedha mwaka 1963 Chuo cha Ushirika kilipoanza hapa Moshi. Uchaguzi wa 1965 wapiga kura wa Mwanza walimwangusha akiwa waziri, na Mwalimu akamrudisha bungeni kwa kumteua. Baadaye akawa balozi Washington kwa zaidi ya miaka kumi. Mdogo wake, Jaji Mark Bomani, ndiye aliyekuwa Mwanasheria Mkuu, na watu wa Arusha wa umri wangu wanamkumbuka kwenye mazungumzo ya amani ya Burundi, akimsaidia Mwalimu na kisha Mandela. Paul Bomani aliongoza kiti cha Mlimani mpaka alipofariki Aprili 2005.

Ninachopenda kwake ni kwamba aliingia ukumbini akiwa hana jeshi wala hazina mfukoni, akiwa na umri mkubwa na maisha yanayoeleweka kwa mzazi wa kijijini. Mkulima wa pamba aliyemleta mwanawe kuhitimu aliona mtu aliyewahi kukaa naye kwenye mizani.

Aliyefuata Mlimani alikuwa wa karibu zaidi na sisi: Balozi Fulgence Kazaura, aliyewahi kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hapa Arusha. Alifariki Februari 2014. Januari 2016 Rais Magufuli akamteua Jakaya Kikwete, aliyekuwa ametoka Ikulu miezi michache tu iliyopita, na ambaye mwenyewe ni mhitimu wa Mlimani wa mwaka 1975, enzi ya Mwalimu.

Moshi tuna jambo letu la pekee ambalo wahitimu wengi wamelisahau. Chuo chetu cha Ushirika kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kuanzia 2004, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Katika miaka hiyo kumi shahada zilizosomewa hapa Sokoine Road zilikuwa za Sokoine, na Mkuu wa Chuo cha Sokoine kwa miaka mingi alikuwa Al Noor Kassum, waziri wa zamani wa nishati na madini. Kwa hiyo mtaalamu wa ushirika aliyesoma Moshi alitunukiwa kwa mamlaka ya mkuu wa chuo kilichoko Morogoro, chenye jina la mtoto wa Monduli, Edward Moringe Sokoine. Baada ya Kassum alikuja Jaji Joseph Warioba.

Arusha nayo, ukipita Tengeru, utakuta Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyozinduliwa rasmi Novemba 2012. Miaka yake ya mwanzo Mkuu wake alikuwa Dk. Mohamed Gharib Bilal, wakati huo Makamu wa Rais. Uteuzi huo ninausifu kwa sababu moja: Dk. Bilal ni mwanafizikia wa nyuklia, na mahali panapofundisha sayansi kwa ngazi ya uzamili na uzamivu pekee, mwanafunzi aliyevishwa kofia alijua aliyemtunuku amepitia maabara.

Kwingineko utaona mtindo uliojitengeneza. Mzee Mwinyi akawa mkuu Muhimbili, Mkapa Dodoma, Jaji Mkuu mstaafu Barnabas Samatta Mzumbe, Asha-Rose Migiro na baada yake Mizengo Pinda Chuo Kikuu Huria. Vyuo vya makanisa, ambavyo huku Kilimanjaro na Meru ni vingi, humpa askofu. Nawaheshimu wote. Hata hivyo naona tumejizoesha kudhani kwamba anayefaa kiti hiki lazima awe amestaafu siasa. Yuko wapi daktari aliyetumikia wodi za mkoa miaka thelathini? Yuko wapi mwandishi wa Kiswahili, mtafiti wa mbegu, mwalimu wa walimu? Sheria haimzuii Rais kumteua mtu wa namna hiyo. Na kikubwa zaidi ninachokiomba ni Mkuu wa Chuo afike siku moja kabla ya mahafali, aketi na wanafunzi bila hotuba iliyoandikwa, awasikilize habari za mikopo, mabweni na kazi wasizozipata. Mwalimu, pamoja na ukali wake wote, siku ile ya Oktoba aliwasikiliza mpaka neno la mwisho la risala.

Kuna kazi nimeianza na ninahitaji msaada. Nakusanya vijitabu vya ratiba za mahafali, vile vinavyogawiwa mlangoni vikiwa na majina ya wahitimu na, ukurasa wa mbele, jina la Mkuu wa Chuo. Vingi vinaishia kufungia maandazi. Najua Kibosho, Machame, Rombo na Meru kuna wazee waliosoma Makerere, Nairobi na Dar es Salaam kati ya 1963 na 1970, na karatasi zao zimo kwenye masanduku ya mabati chini ya vitanda. Kama mzee wako ni mmojawapo, mwombe akuonyeshe. Nitakuja nyumbani, nitavipiga picha mbele yake na kumwachia vyake. Vya chuo kile cha nchi tatu ndivyo ninavyovitafuta kwanza, kwa sababu wenye kumbukumbu zake sasa wamekaribia au wamevuka miaka themanini.